"Ni" na "Ndilo" katika Aljebra: Uhakiki wa Lugha ya Milinganyo yenye Vipeuo vya Pili

1. Swali lenyewe

Uhakiki wa lugha umezoea kuelekezwa kwenye ushairi, riwaya, tamthiliya na hotuba. Ni nadra kuelekezwa kwenye ubao wa hisabati. Hata hivyo ubao huo nao ni matini: una sentensi zake, viunganishi vyake na ukimya wake. Makala haya yanachunguza kipande kimoja kifupi cha matini hiyo, yaani kanuni ambayo kwayo wanafunzi wa sekondari hufundishwa kutatua milinganyo ambamo kisichojulikana kimefichwa chini ya alama ya kipeuo cha pili. Kanuni yenyewe husemwa kwa pumzi moja: bakiza kipeuo upande mmoja, pandisha kila upande kwenye kipeo cha pili, tatua mlinganyo unaopatikana, kisha hakiki.

Kila mwalimu wa hisabati analijua kosa linalofuata. Mwanafunzi anafanya hatua tatu za kwanza bila dosari, anapata namba mbili, anazipigia mstari zote mbili na kuweka kalamu chini. Moja kati ya namba hizo si jibu. Anapokatwa alama hunung'unika, na manung'uniko yake yana msingi, kwani hesabu yake haina kosa hata moja la kukokotoa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kosa hilo ni la kusoma. Mwanafunzi amesoma sentensi ya upande mmoja kana kwamba ni sentensi ya pande mbili. Kiswahili kina nyenzo za kisarufi zinazoweza kulizuia kosa hilo, na nyenzo hizo hazitumiwi. Wakati huohuo kina istilahi moja inayolichochea. Yote mawili yanastahili kupimwa.

2. Mfano wa kupimia

Uchukuliwe mlinganyo huu:

√(x + 7) = x − 5

Kipeuo kiko peke yake upande wa kushoto. Pande zote mbili zikipandishwa kwenye kipeo cha pili, unapatikana mlinganyo x + 7 = x² − 10x + 25. Istilahi zote zikikusanywa upande mmoja, unabaki x² − 11x + 18 = 0, ambao unagawanyika kuwa (x − 9)(x − 2) = 0. Kwa hiyo x ni 9 au 2.

Namba hizo zikirudishwa kwenye mlinganyo wa mwanzo, mambo yanajitenga. Kwa 9, upande wa kushoto ni √16, yaani 4, na upande wa kulia ni 9 − 5, yaani 4. Pande zinalingana. Kwa 2, upande wa kushoto ni √9, yaani 3, lakini upande wa kulia ni 2 − 5, yaani −3. Pande hazilingani. Jibu ni 9 peke yake.

Swali la mwanafunzi mwerevu ni hili: ikiwa kila hatua ilikuwa halali, 2 imeingilia wapi? Jibu la kawaida darasani ni kwamba "njia hii wakati mwingine huleta majibu yasiyo ya kweli, ndiyo maana lazima kuhakiki". Jibu hilo halielezi kitu. Linaifanya hisabati ionekane kama fundi asiyeaminika, ambaye kazi yake lazima ikaguliwe kwa kuwa huenda amekosea. Tena linamwachia mwanafunzi dhana kwamba kuhakiki ni adabu ya mwishoni, kama kufuta ubao baada ya somo. Mtu akibanwa na muda, adabu ndiyo kitu cha kwanza kuachwa.

3. Kipeo na kipeuo: ahadi iliyomo ndani ya neno

Kiswahili sanifu kinatofautisha kipeo na kipeuo. Kipeo cha pili cha 4 ni 16; kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Maneno haya mawili yanatengwa na irabu moja tu, na mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza katika darasa la watoto hamsini anaweza kuyachanganya. Lakini udhaifu huo wa kimatamshi ni mdogo ukilinganishwa na udhaifu wa kimaana, ambao haujadiliwi.

Umbo la kipeuo linabeba irabu -u- ya kauli ya kutendua, ileile inayotenganisha funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa maana ya irabu hiyo. Anaijua tangu utotoni. Anayefungua mlango huurudisha mlango uleule katika hali yake ya kabla ya kufungwa. Anayekunjua nguo huipata nguo ileile. Kwa hiyo neno kipeuo linatoa ahadi: kilichopandishwa na kipeo kitarudishwa na kipeuo kama kilivyokuwa.

Ahadi hiyo inatimizwa kwa namba chanya na kwa sifuri. Kwa namba hasi haitimizwi. Namba −3 ikipandishwa kwenye kipeo cha pili inakuwa 9. 9 ikipelekwa kwenye kipeuo cha pili inakuwa 3. Aliyeingia hasi ametoka chanya. Ishara yake imepotea njiani, na hakuna hatua yoyote ya baadaye inayoweza kukumbuka kwamba iliwahi kuwapo. Ndiyo maana wanahisabati huandika kwamba √(x²) ni ukubwa wa x bila kujali ishara, wala hawaandiki kwamba ni x.

Inafaa kutambua kwamba istilahi yenyewe haidanganyi popote. Kwa kipeo cha tatu inasema kweli tupu: −3 inapanda kuwa −27, na kipeuo cha tatu cha −27 kinarudi kuwa −3. Hapo mlango uliofungwa umefunguliwa na ni mlango uleule. Dosari imo katika kipeo cha pili na ndugu zake wa nne, wa sita na kuendelea, ambavyo vyote huimeza ishara. Kwa maneno mengine, neno moja limepewa kazi mbili, moja linaiweza na nyingine linaiweza nusu. Waundaji wa istilahi hawawezi kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa Kifaransa na Kiingereza nazo zinatumia neno moja kwa kazi zote mbili. Tofauti ni kwamba neno "racine", yaani mzizi, haliahidi kutendua chochote. Mzizi hukaa tu ardhini. Kipeuo kinaahidi, na mwalimu anayelitumia neno hilo hana budi kusema mapema ahadi yake inaishia wapi.

4. Lugha isiyo na "une" wala "la"

Udhaifu wa pili unatokana na kitu ambacho Kiswahili hakina. Kifaransa kinaweza kusema "une racine carrée de 9" na "la racine carrée de 9". Katika usemi wa kwanza kuna nafasi ya namba mbili, 3 na −3, kwa kuwa kila moja ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 9. Katika usemi wa pili ipo namba moja tu, ile chanya, na hiyo ndiyo inayoandikwa √9. Tofauti yote ya maana imebebwa na neno dogo linalotangulia nomino.

Kiswahili hakina neno hilo dogo. Usemi "kipeuo cha pili cha 9" unakubali tafsiri zote mbili. Matokeo yake yanajulikana: mwanafunzi mmoja anaandika √9 = 3, jirani yake anaandika √9 = ±3, na kila mmoja anaweza kuutetea usomaji wake kwa sarufi. Ugomvi huu una uzito. Anayeamini kwamba √9 ni 3 au −3 ataihakiki namba 2 katika mfano wa juu, ataona −3 upande wa kulia, atasema kwamba −3 nayo ni kipeuo cha 9, na atalikubali jibu lisilo jibu. Kuhakiki kwenyewe, ambako kulitarajiwa kuwa dawa, kunakuwa sehemu ya ugonjwa.

Hata hivyo haifai kutoka hapo na kudai kwamba Kiswahili ni lugha isiyoweza aljebra. Lugha isiyo na kibainishi cha namna hiyo hubainisha kwa njia nyingine. Pale panapokusudiwa kipeuo chochote kati ya viwili, Kiswahili kina "kipeuo kimojawapo". Pale panapokusudiwa kile kimoja cha alama ya √, kinatosha kivumishi: "kipeuo chanya". Na pale panaposisitizwa upekee, kuna "ndicho": "3 ndicho kipeuo chanya cha 9". Njia hizi ni ndefu kidogo kuliko "une" na "la", lakini zina faida moja. Neno dogo la Kifaransa hupita masikioni bila kusikika, hasa kwa mwanafunzi ambaye Kifaransa ni lugha yake ya tatu au ya nne. Neno "kimojawapo" haliwezi kupita bila kusikika.

5. Ukimya wa kati ya mistari

Udhaifu wa tatu si wa Kiswahili wala wa Kifaransa. Ni wa maandishi ya hisabati yenyewe kama yanavyofanywa madarasani. Mwanafunzi huandika mlinganyo, chini yake mlinganyo wa pili, chini yake wa tatu, mpaka afike kwenye namba. Kati ya mstari na mstari hakuna neno. Wengine huweka kando ya kila mstari alama ya mshale wenye vichwa viwili, ⇔, kwa mazoea tu, bila kujua kwamba mshale huo ni sentensi nzima inayosema: "mistari hii miwili ina majibu yaleyale".

Kati ya √(x + 7) = x − 5 na x + 7 = (x − 5)² mshale huo ni uongo. Ukweli ni wa upande mmoja: ikiwa vitu viwili ni sawa, basi vipeo vyao vya pili ni sawa. Kinyume chake si lazima, kwa kuwa 3 na −3 si sawa ingawa vipeo vyao vya pili ni sawa. Mantiki yake haina ugeni wowote. Kila aliyezaliwa Likasi amezaliwa Katanga. Hakuna msikilizaji atakayetoka hapo na kusema kwamba kila aliyezaliwa Katanga amezaliwa Likasi. Mtu anayetafutwa, akijulikana kuwa ni mzaliwa wa Likasi, anaweza kutafutwa katika daftari la Katanga nzima, atakuwamo. Lakini majina mengine yote yaliyomo katika daftari hilo hayakugeuka kuwa ya Likasi.

Kupandisha pande mbili kwenye kipeo cha pili ni kutoka Likasi kwenda kwenye daftari la Katanga. Hakuna jibu lililopotea, ila majina yameongezeka. Namba 9 na 2 zilizopatikana si majibu, ni watahiniwa. Kinachojulikana ni kwamba mshindi, kama yupo, yumo miongoni mwao. Kuhakiki ndio mtihani wenyewe.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapostahili kusifiwa, kwa kuwa inazo njia za kulisema jambo hili kwa usahihi usio wa kawaida. Ya kwanza ni kiambishi -ki- cha sharti. Badala ya kuandika "x ni 9 au 2", sentensi ambayo inatangaza ushindi kabla ya mtihani, mwanafunzi anaweza kuandika "x ikiwa jibu, basi ni 9 au 2". Sentensi hii ni ya kweli kabisa, tena inakiri kwamba kuwapo kwa jibu lenyewe bado hakujathibitishwa. Kiambishi kimoja kimebeba mzigo wote wa mantiki.

Njia ya pili ni tofauti kati ya "ni" na "ndi-". "9 ni jibu" inasema kwamba 9 inatosheleza mlinganyo, bila kufunga mlango kwa nyingine. "9 ndilo jibu" inasema kwamba 9 inatosheleza na kwamba hakuna nyingine. Kuhakiki huleta "ni". Hatua za kutatua, zilizohakikisha kwamba hakuna jibu lililopotea, ndizo zinazoruhusu "ndilo". Aliyebahatisha 9 akaihakiki ana haki ya kusema "ni" tu. Aliyetatua bila kuhakiki hana haki ya kusema lolote kati ya hayo mawili. Aliyefanya yote mawili ana haki ya kusema "ndilo". Ni vigumu kupata maelezo mafupi kuliko hayo ya kazi mbili za uthibitisho.

Wala isidhaniwe kwamba tofauti hii ni anasa ya Kiswahili sanifu. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho kimepunguza sana upatanisho wa ngeli, kimeihifadhi katika neno "njo". Anayesema "ile njo jibu" hasemi sawa na anayesema "ile ni jibu". Wa kwanza amechagua na kutenga, wa pili ametambulisha tu. Mwanafunzi wa Katanga huja shuleni akiwa nayo tofauti hii mdomoni. Shule haijamwonyesha kwamba ni tofauti ya kihisabati.

6. Bagdad: aljebra iliyoandikwa kwa maneno

Anayedhani kwamba mjadala huu wa maneno ni wa pembeni hana budi kukumbuka kwamba aljebra ilizaliwa ikiwa maneno matupu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Bagdad katika nusu ya kwanza ya karne ya 9, aliandika kitabu chake juu ya al-jabr na al-muqabala bila alama ya kujumlisha, bila alama ya usawa, bila x. Kila kitu kiliandikwa kwa sentensi. Kisichojulikana kiliitwa "jidhr", mzizi; kipeo chake cha pili kiliitwa "mal"; na namba ya kawaida iliitwa "adad".

Msomaji wa Kiswahili hukutana hapo na jamaa zake. "Mal" ni mali. "Adad" ni ya ukoo mmoja na idadi. "Muqabala", yaani kuvikabilisha vitu vya pande mbili ili vilivyo sawa vipunguzane, ni jamaa wa mkabala na kukabili. Tatizo lake maarufu, mali pamoja na mizizi kumi ni sawa na thelathini na tisa, linasomeka kwa Kiswahili karibu bila tafsiri. Utatuzi wake nao ni wa maneno: chukua nusu ya idadi ya mizizi, ambayo ni 5, izidishe kwa yenyewe, upate 25, jumlisha na 39, upate 64, chukua mzizi wake, ambao ni 8, utoe 5, inabaki 3. Huo ndio mzizi, na mali ni 9.

Leo mwanafunzi angeongeza −13 kama jibu la pili. Al-Khwarizmi hakuitaja. Namba zake zilikuwa ukubwa wa vitu, sehemu za urithi na pande za miraba, na mali hasi haikuwa na maana ndani ya lugha hiyo. Kwa hiyo tatizo la namba isiyo ya kweli inayoingia kwa mlango wa ishara halikuweza kumfikia: mlango wenyewe haukuwapo. Lakini pale lugha yake iliporuhusu majibu mawili, alikuwa mwangalifu. Kwa mali pamoja na ishirini na moja sawa na mizizi kumi, alitoa majibu yote mawili, 3 na 7, na akaelekeza kwamba msomaji ajaribu kwanza kwa kujumlisha, na isipofaa, atumie kutoa. Kujaribu ni sehemu ya kanuni yake. Hakukuongezwa mwishoni kama onyo.

Alama zilikuja baadaye sana: √ ilichapishwa na Christoff Rudolff mwaka 1525, alama ya usawa na Robert Recorde mwaka 1557, na mstari wa juu unaofunika kila kilicho chini ya kipeuo ulitumiwa na René Descartes mwaka 1637. Faida yake haina mpinzani. Ukurasa mzima wa maneno ukawa mistari minne. Hasara yake imesahauliwa. Maneno yaliyofutwa hayakuwa majina ya vitu tu. Yalikuwemo pia "ikiwa", "basi", "jaribu" na "isipofaa". Majina yalipata alama za kuyawakilisha. Viunganishi viliachwa midomoni mwa walimu, na mwalimu aliyechoka huvimeza.

7. Mgeni au jirani?

Vitabu vya Kifaransa huiita namba kama 2 katika mfano wa juu "solution étrangère". Tafsiri ya haraka ni "jibu geni", na tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, katika adabu ya Waswahili mgeni hafukuzwi. Hukaribishwa na kuandaliwa. Anayesema "mgeni njoo, mwenyeji apone" hatafuti sababu ya kumtoa mlangoni. Neno hilo halibebi hukumu inayohitajika. Pili, na hili ni zito zaidi, 2 haikutoka ugenini. Asili yake inajulikana na ni ya karibu sana.

Mlinganyo uchukuliwe tena, na ishara ya mbele ya kipeuo ibadilishwe:

−√(x + 7) = x − 5

Kwa 2, upande wa kushoto ni −3 na upande wa kulia ni −3. Pande zinalingana. Namba 2 ni jibu halali la mlinganyo huu wa pili. Milinganyo hii miwili, wa chanya na wa hasi, ikipandishwa kwenye kipeo cha pili inakuwa mlinganyo mmoja, x + 7 = (x − 5)². Ni kama nyumba mbili zinazotumia ua mmoja: anayeingia uani akitafuta watoto wa nyumba ya kwanza atakuta na wa nyumba ya pili wakicheza pamoja nao. Wote ni watoto wa kweli. Swali ni wa nani.

Kwa sababu hiyo istilahi "jibu la jirani" inaeleza zaidi kuliko "jibu geni", na zaidi kuliko "jibu bandia" linalosikika mahali pengine. Bandia ni kitu cha kudanganya. 2 haidanganyi mtu. Neno jirani linamwonyesha mwanafunzi namba hiyo inatoka wapi, na kwa nini haiwezi kuepukwa kwa kuongeza umakini katika kukokotoa.

Neno hilo linazuia pia kanuni ya mtaani ambayo wanafunzi hujitungia, kwamba "moja kati ya majibu mawili hukatwa". Ua unaweza kuwa na watoto wa nyumba moja tu. Mlinganyo √(x − 2) = x/3 unaleta x² − 9x + 18 = 0, na majibu 3 na 6. Kwa 3, pande zote ni 1. Kwa 6, pande zote ni 2. Yote mawili ni ya nyumba ya kwanza. Kwa upande mwingine, √(x + 1) = −3 unaleta x = 8, na 8 ni ya jirani peke yake; nyumba ya kwanza haina mtoto. Aliyesoma maana ya sentensi angeona hivyo kabla ya kuandika mstari wa pili, kwa kuwa kipeuo chanya hakiwezi kuwa −3.

8. Sharti lisilotosha

Mapokeo ya shule za Kongo, yaliyorithiwa kutoka Ubelgiji, yana desturi nzuri ya kuanza kwa "conditions d'existence", yaani masharti ya kuwapo. Kabla ya kutatua, mwanafunzi huandika kwamba kilichomo chini ya kipeuo kisiwe hasi. Kwa mfano wa juu ataandika x ≥ −7. Kisha, akipata 9 na 2, huona kwamba zote mbili zinapita sharti hilo, na kwa amani ya moyo huziandika zote kuwa majibu.

Desturi hiyo imemlinda dhidi ya hatari isiyokuwapo. Mara x + 7 inapokuwa sawa na (x − 5)², haiwezi kuwa hasi, kwa kuwa kipeo cha pili cha namba halisi hakiwi hasi kamwe. Sharti la kuwapo limejitimiza lenyewe. Sharti linalohitajika liko upande wa pili: x − 5 isiwe hasi, kwa kuwa inadaiwa kuwa sawa na kipeuo chanya. Likiandikwa x ≥ 5, namba 2 inaanguka mara moja na 9 inasimama. Hapo ndipo mshale wenye vichwa viwili unapokuwa wa haki: √A = B ni sawasawa na kusema kwamba B si hasi na A = B².

Hapa kosa la lugha linajitokeza tena. "Masharti ya kuwapo" ni jina linaloelekeza macho chini ya kipeuo, kwenye swali kama kipeuo kipo. Swali la mlinganyo ni jingine: kipeuo kilichopo kinaweza kuwa sawa na kile kilicho upande wa pili? Sharti hilo lingeitwa "sharti la ishara", na mwanafunzi angejua pa kutazama.

Mlinganyo wenye vipeuo viwili unathibitisha faida yake. Katika √(x + 5) + √x = 5, kipeuo cha kwanza kikibakizwa peke yake na pande zikapandishwa, inabaki 10√x = 20, na x ni 4; kuhakiki kunakubali, kwa kuwa 3 + 2 ni 5. Katika √x − √(x + 5) = 5, njia ileile inaleta 10√(x + 5) = −30. Anayefuata kanuni bila kusoma atapandisha tena pande zote, atapata 4, atahakiki, ataona −1 mahali pa 5, na atashangaa. Anayesoma ishara atasimama palepale: upande wa kushoto si hasi, wa kulia ni hasi, hakuna jibu.

9. Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba mjadala huu hauna mahali pa kutumika, kwa sababu aljebra nchini Kongo hufundishwa kwa Kifaransa. Ni kweli kwamba lugha za taifa hutumiwa kufundishia hasa katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Lakini mwanafunzi asiyeelewa haulizi jirani yake kwa Kifaransa, na mwalimu anayetaka kueleweka mara nyingi hamjibu kwa Kifaransa pekee. Maelezo ya pili, yale yanayookoa, hupita kwa Kiswahili hata pale ambapo daftari halina hata neno moja la Kiswahili. Ikiwa maelezo hayo yana "ni" pale palipotakiwa "ikiwa", kosa litaandikwa baadaye kwa Kifaransa safi.

Tena kosa lenyewe lina bei. Katika mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambamo maswali mengi ni ya kuchagua jibu, aliyepata 9 na 2 akiona zote mbili zimeorodheshwa pamoja hana sababu ya kusita. Mtihani hautamwonyesha kosa lake, wala yeye hatajua alipoanguka. Atabaki akiamini kwamba hisabati ilimgeuka, au kwamba yeye si mtu wa hisabati. Hukumu hizo mbili zimewafunga wengi milango ya vitivo vya sayansi na ufundi, na zote mbili zinaweza kuwa zimetokana na kiunganishi kisichotamkwa.

Kanuni ingeweza kusemwa upya hivi: "Bakiza kipeuo upande mmoja. Andika sharti la ishara kwa upande wa pili. Pandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, ukijua kwamba sasa umefungua ua wa nyumba mbili. Tatua, x ikiwa jibu, ni mojawapo ya namba ulizopata. Zirudishe kwenye mlinganyo wa mwanzo. Zilizolingana ndizo majibu." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza kwa sentensi chache. Urefu huo ni maneno yaleyale ambayo alama ziliyafuta, na kazi ya mwalimu, awe wa hisabati au wa lugha, ni kuyarudisha yasikike.